Alexander Haddow na Kirusi cha Msitu wa Zika

Msafiri atokaye Kampala kwenda Entebbe huupita msitu mmoja kando ya ghuba ya Ziwa Victoria. Ni msitu mdogo, na asiyeambiwa jina lake hana sababu ya kugeuza shingo. Lakini jina hilo, Zika, lilitamkwa duniani kote mwaka 2016, watoto walipokuwa wakizaliwa Brazil na vichwa vidogo kuliko kawaida. Miongoni mwa waliolitia jina la Zika katika vitabu vya tiba alikuwamo Mskoti mmoja, Alexander John Haddow, ambaye maisha yake twapenda kuwasimulia wasomaji wetu leo.

Alizaliwa Glasgow mwaka 1912. Katika chuo kikuu cha mji huo alisoma kwanza elimu ya wanyama, kisha udaktari. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 alikuwa Kisumu, akihesabu mbu ndani ya nyumba za wenyeji na kupima joto la nyumba hizo. Mwaka 1942 akahamia Entebbe, kwenye Taasisi ya Utafiti wa Homa ya Manjano iliyoanzishwa mwaka 1936 kwa fedha za Rockefeller Foundation.

Huko alikuta fumbo. Damu ya watu wengi wa Bwamba, magharibi ya Uganda, ilionyesha kwamba wamekwisha kuipata homa ya manjano, wala hapakuwa na habari za watu kufa kwa wingi. Ugonjwa ulitoka wapi? Haddow hakuridhika kutafuta mbu ardhini. Aliagiza madungu yajengwe juu ya miti, tabaka juu ya tabaka, na watu wakakaa humo usiku na mchana wakiwakamata mbu saa baada ya saa. Ikadhihirika kwamba kila aina ya mbu ina kimo chake na saa yake. Mbu aitwaye Aedes africanus huuma juu vileleni jua likichwa, wakati kima wanapokwenda kulala, na hivyo hulizungusha gonjwa kati ya kima na kima. Kima hao hao asubuhi hushuka kuiba ndizi. Na katika migomba, pale shina la jani linapokusanya maji ya mvua, huzaliwa mbu mwingine, Aedes simpsoni, amwumaye kima mwizi na mwenye shamba pia. Ndivyo gonjwa la vileleni lilivyomfikia mkulima.

Hapa yatupasa kusema jambo ambalo wasifu za wataalamu hulipita upesi. Wale waliokaa madunguni walikuwa Waafrika, na chambo cha kumvutia mbu kilikuwa ngozi zao wenyewe. Walichanjwa dhidi ya homa ya manjano, lakini hakuna aliyeweza kuwachanja dhidi ya gonjwa ambalo bado halijajulikana. Haddow alipata sifa, naye alistahili. Wengi wa wakamataji hawakutajwa hata kwa jina moja.

Mwezi Aprili mwaka 1947, kima mmoja wa Asia aliyewekwa kizimbani juu ya mti katika msitu wa Zika alishikwa na homa. Alikuwa nambari 766. Katika damu yake kilipatikana kirusi kisichofanana na kingine, na mwezi Januari mwaka 1948 kikapatikana tena katika mbu wa msitu ule ule. George Dick, Stuart Kitchen na Haddow walitangaza habari hizo mwaka 1952. Kwa miaka mingi dunia ilikiona kirusi hicho kuwa kitu cha kuwashughulisha wataalamu tu.

Siku zile walikijua kwa matendo yake: kwamba hupenya chujio lizuialo bakteria, na kwamba humwuguza panya akidungwa ubongoni. Leo twajua kwamba ndani yake mna uzi mmoja wa RNA wenye herufi zipatazo 10,800, nazo ni za aina nne tu. Uzi huo haukai umenyooka. Hujikunja, herufi moja ikashikana na mwenziwe wa mbali, A na U, G na C, pengine G na U, hata ukafanya vitanzi na mafundo. Njia za kujikunja ni nyingi mno kwa mtu na kalamu yake, ndiyo maana kazi hiyo imekabidhiwa kompyuta: hupewa orodha ya herufi, hukokotoa ni jozi zipi zitakazoutuliza uzi kuliko nyingine, na jawabu lake hupimwa maabarani. Moja ya kanuni za mwanzo za hesabu hiyo ilichapishwa na Ruth Nussinov na wenzake mwaka 1978. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walionyesha jinsi mafundo yaliyo mkiani mwa uzi wa Zika yanavyokikwamisha kimeng'enya kitafunacho RNA. Kipande kisalicho hukisaidia kirusi kushindana na kinga ya mwili. Na uzao wa kirusi cha yule kima ungali ukitumika katika maabara nyingi, kwa jina la MR 766. Kompyuta haina la kukokotoa mpaka mtu apande mti.

Haddow aliiongoza taasisi ya Entebbe tangu 1953 hadi 1965. Katika muda huo, mwaka 1959, homa ya viungo ilizuka kaskazini mwa Uganda, nayo ikaitwa kwa neno la Waacholi, o'nyong-nyong. Chanzo chake kilikuwa kirusi kingine cha RNA. Mnara wa chuma wa futi 120 ulihamishiwa Zika kutoka msitu wa Mpanga, ukachukua mahali pa madungu ya miti.

Aliporudi Glasgow akawa profesa, na mwaka 1972 akachaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society. Jioni zake alizitumia kwa zumari la Waskoti lenye mfuko, akichambua jinsi nyimbo zake ndefu zinavyojengwa juu ya kiini kimoja kinachorudiwa kwa mapambo mbalimbali. Alifariki mwezi Desemba mwaka 1978. Kitabu chake juu ya muundo wa nyimbo hizo kilitoka mwaka 1982, na waandishi wa habari waliomiminika Zika mwaka 2016 waliukuta mnara ungali umesimama.