Robert Koch na homa za Pwani yetu

Wapo watakaoshangaa mwalimu wa dini kuandika habari za daktari wa Kijerumani. Jibu langu ni fupi. Elimu ya tiba ni katika faradhi kifaya, na Mjerumani huyu alifanya katika jiji letu jambo ambalo wengi wetu hapa Mbezi Beach hatulifanyi hadi leo. Mtu akichemka mwili, aliitazama damu kwanza ndipo akazungumza habari za dawa.

Robert Koch alizaliwa mwaka 1843 katika mji wa Clausthal, baba yake akiwa ofisa wa migodi. Alikuwa daktari wa wilaya tu, mbali na vyuo vikubwa, alipothibitisha mwaka 1876 kuwa kimeta husababishwa na bakteria. Tarehe 24 Machi 1882 akawaonesha wenzake mjini Berlin bakteria wa kifua kikuu, na jina lake likaenea duniani. Mwaka 1890 alitangaza dawa ya ugonjwa huo, tuberkulini. Watu wakamiminika Berlin, lakini haikuponya. Ilikuja kubaki kama kipimo tu.

Mwaka 1897, akitokea India alikokuwa akichunguza tauni, akateremka Dar es Salaam na kukaa hadi mwaka 1898. Ulikuwa mji wa ubaguzi. Hospitali ya Ocean Road, ambayo sasa ni Taasisi ya Saratani, ilikuwa ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walikuwa na hospitali yao, iliyotokana na sadaka ya tajiri Muislamu, Sewa Haji, ambaye jina lake lingali kwenye jengo la wodi pale Muhimbili.

Hapa Koch alikuta madaktari wakimpa kwinini kila mwenye homa. Yeye akadai tone la damu na hadubini. Asipoona vimelea vya malaria, alisema homa hiyo ina sababu nyingine. Jambo dogo hilo, ndugu msomaji, lakini litazame vizuri.

Homa si ugonjwa, ni kazi ya mwili wenyewe. Ndani ya ubongo kuna sehemu inayopanga joto letu. Vijidudu vikiingia, sehemu hiyo inapandisha kipimo, na ndiyo maana mgonjwa anatetemeka chini ya blanketi huku paji la uso linaunguza. Sasa, kazi zote za mwili, kusaga ugali tumboni, kuunguza sukari, kujenga na kubomoa, zinaharakishwa na protini ziitwazo vimeng'enya. Vimeng'enya vya mwanadamu vimezoea joto la nyuzi 37 hivi. Kila nyuzi moja ikiongezeka, mwili unahitaji takriban asilimia 10 zaidi ya hewa na chakula. Hapo ndipo moyo unapokwenda mbio, kiu inapobana na nguvu zinapokwisha.

Barazani nimesikia kwamba nyuzi 39 zinapika ubongo wa mtoto. Si kweli. Katika joto hilo askari wa mwili hufanya kazi vizuri zaidi. Hatari ya joto lenyewe iko juu huko, nyuzi 41 na 42, ambapo protini huanza kukunjuka kama ute wa yai kikaangoni. Kimeng'enya kikipoteza umbo ni ufunguo uliopinda, haufungui tena kitasa.

Malaria basi inauaje, kama si kwa joto? Chembe nyekundu zenye vimelea hunata ndani ya mishipa myembamba ya ubongo na kuiziba. Sukari hushuka, damu huisha. Mzazi anayempa mtoto panado, akaona paji limepoa, akalala, ameondoa alama na kuuacha ugonjwa ndani. Na anayenunua mseto bila kupima huenda anatibu malaria isiyokuwepo, huku homa ya mapafu ikiendelea.

Lipo jambo jingine alilolishughulikia Koch hapa: homa ya mkojo mweusi, iliyowaua Wazungu wengi. Yeye aliilaumu kwinini yenyewe. Wengi walimpinga, na kwa kweli ugonjwa huo unahusu pia kuugua malaria mara kwa mara. Lakini hakuwa mbali na ukweli aliposema dawa inaweza kuvunja damu. Mwaka 1956 ilibainika kuwa wapo watu waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, kinachozilinda chembe nyekundu. Hao wakipewa primakwini nyingi, chembe zao hupasuka na mkojo kuwa mweusi. Upungufu huo haukosekani katika ukanda wetu wa Pwani.

Koch alirudi tena Afrika Mashariki. Mwaka 1905 alifuatilia homa ya papasi katika vibanda walimolala wapagazi wa misafara, akakuta kijidudu chake hata ndani ya mayai ya papasi, yaani mama anakirithisha kwa watoto. Mwaka huohuo akapewa tuzo ya Nobel.

Sifa zake zote siwezi kuzitaja bila kutaja Ssese. Mwaka 1906 na 1907, katika visiwa hivyo vya Ziwa Victoria upande wa Uganda, aliwatibu kwa wingi wagonjwa wa malale kwa atoksili, dawa yenye aseniki. Dozi ndogo hazikuponya, akaziongeza. Baadhi ya wagonjwa wakapofuka, wasione tena. Akapendekeza pia wagonjwa wakusanywe kambini, watengwe na jamaa zao. Mtu aliyefundisha kwamba dawa itanguliwe na uchunguzi aliwafanya waja wa Mungu kuwa uchunguzi wenyewe, na hawakuwa na pa kukataa chini ya bunduki za wakoloni.

Alifariki Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910, kwa maradhi ya moyo. Majivu yake yamehifadhiwa Berlin, ndani ya taasisi inayoitwa kwa jina lake.