Daktari Styblo na Daftari la Wagonjwa

Wengi waliopona kifua kikuu kwa dawa za Serikali hawalijui jina la Daktari Karel Styblo, aliyefariki dunia mwaka 1998. Hata hivyo utaratibu uliowaponya aliujenga hapa Tanzania, akishirikiana na waganga na wauguzi wa wilaya zetu.

Alizaliwa Chekoslovakia mwaka 1921. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Wanazi walimfunga katika kambi ya mateso ya Mauthausen, na humo akaambukizwa kifua kikuu. Alitoka hai, akayatoa maisha yake kupambana na maradhi yale yale.

Ulimwengu ulikuwa umekwisha kupata funzo chungu. Streptomaisini ilipojaribiwa Uingereza mwaka 1947, wagonjwa walipata nafuu, kisha wengi wakarudiwa na maradhi, kwa kuwa vijidudu vilikuwa vimeizoea dawa. Ikafahamika kwamba dawa moja peke yake haitoshi. Majaribio yaliyofuata, yakiwemo yale mashuhuri ya Afrika Mashariki yaliyotangazwa mwaka 1972, yalithibitisha kwamba dawa kadhaa zikichanganywa, rifampisini ikiwamo, mgonjwa aweza kupona kwa miezi sita.

Lakini katika majaribio mgonjwa yu mikononi mwa daktari. Mchungaji wa Engaresero, chini ya Mlima Ol Doinyo Lengai, huhama na mifugo kufuata malisho; mvuvi wa Kojani huenda dago miezi kadhaa. Kila mmoja akiona homa imeshuka aweza kuacha dawa njiani, na vijidudu vinavyosalia ndivyo vilivyo vikaidi kuliko vyote. Hivyo ndivyo atakavyowaambukiza wanawe.

Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulipoanzishwa mwaka 1977, Styblo akiwa mshauri wake, jawabu lake lilikuwa la kikarani kuliko la kiganga. Makohozi yapimwe kwa darubini. Kila mgonjwa aandikwe katika daftari la wilaya, na kila robo mwaka mratibu atoe hesabu: wangapi wamepona, wangapi wamekufa, wangapi wametoroka. Watendaji wanaosita kuidhinisha mafuta ya pikipiki ya mratibu wafahamu kwamba bila pikipiki hiyo daftari ni karatasi tupu.

Rifampisini ilipoingizwa katika miaka ya 1980, aliilinda kama mboni ya jicho. Ilitolewa miezi miwili ya mwanzo tu, mgonjwa akiimeza mbele ya muuguzi. Kwa miezi sita iliyobaki alipewa dawa nyingine za kumeza nyumbani, ili akizembea, dawa hiyo bora isiharibike. Waliopona walikaribia wanane kwa kila kumi. Katikati ya miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliueneza utaratibu huo kwa mataifa mengine.

Si kila alichokipanga kimedumu. Jaribio lililotangazwa mwaka 2004 lilionyesha kwamba rifampisini ikitolewa miezi yote sita huponya zaidi, na mpango wake wa miezi minane ukaachwa. Daftari halikuachwa.

Usugu nao haukumalizika. Tangu mwaka 2009 hospitali ya Kibong'oto, mkoani Kilimanjaro, imekuwa ikiwatibu Watanzania wenye kifua kikuu kisichosikia dawa za kawaida. Wa mwanzo walitumia dawa kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu, na miezi kadhaa ya hiyo ilikuwa ya sindano.