Nyama Yangu: Mwindaji wa Ndovu Aliyeamini Risasi Ndogo

Sisi watu wa pwani tukizungumza habari za pembe za ndovu, aghalabu huanzia Unguja na kuishia Tabora au Ujiji. Tutamtaja Tippu Tip, tutaitaja Bagamoyo, na hapo mazungumzo yamekwisha. Ile njia ya kaskazini iliyotoka Mombasa na Pangani, ikauzunguka Mlima Kenya na kuteremkia ziwa lililoitwa Rudolf, na ambalo tangu 1975 laitwa Turkana, hatuitaji sana. Wala si kwamba wazee wetu hawakuijua. Mzungu Teleki alipolifikia ziwa hilo mwaka 1888, katika msafara wake alikuwamo Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa Pangani, ambaye alikuwa mzoefu wa njia za bara kabla Teleki hajatia mguu Afrika.

Mimi nakaa Nkubu, kwenye barabara itokayo Meru kwenda Embu, nchi ya migomba, chai na kahawa, na baridi ya asubuhi ambayo mtu wa Kisauni haizoei upesi. Kukaa huku ndiko kulikonifanya niyatafute maisha ya mwindaji mmoja aliyefanya kambi kwa muda mrefu chini ya milima ya Nyambene, kaskazini mashariki ya hapa, katika nchi ya Waigembe. Jina lake Arthur Henry Neumann. Wapagazi wake, ambao wengi walikuwa watu wa pwani, walimwita Nyama Yangu. Msomaji hahitaji kufasiriwa jina hilo.

Neumann alizaliwa Uingereza mwaka 1850, mtoto wa kasisi. Angali kijana alikwenda Natal, na katika vita vya Wazulu vya 1879 alikuwa upande wa Waingereza. Mwaka 1890 akaja Mombasa kufanya kazi katika kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikitawala pwani yetu kabla ya serikali yao kushika yenyewe. Mambo hayo yote ni ya kawaida kwa Mzungu wa zama zile. Lisilo la kawaida lilianza mwisho wa 1893, alipotoka Mombasa na msafara wake mwenyewe, Mzungu peke yake, akakaa bara mpaka 1896.

Kilichonivutia mimi zaidi ni bunduki zake. Wawindaji waliomtangulia walitegemea ukubwa. Selous, aliyewinda huko kusini miaka ya 1870, alianza na bunduki ya kushindilia mdomoni, ya risasi kubwa mno, akichota baruti kwa mkono kutoka mfukoni. Mkono ukichota nyingi, bega laumia. Ukichota chache, ndovu hafi. Neumann aliondoka na bunduki kubwa ya mitutu miwili, namba 577, lakini pamoja nayo alichukua Lee-Metford, bunduki ya askari, namba 303. Wengi wangeicheka. Risasi yake ni nyembamba kama kidole cha mtoto.

Hapa yafaa tusimame kidogo tupige hesabu. Risasi ya 577 ilikuwa na uzito wa gramu 42 hivi, ikitoka mtutuni kwa kasi ya karibu mita 500 kwa sekunde. Ile ya 303 ilikuwa gramu 14 tu, lakini kasi yake ilifika karibu mita 600, kwa sababu baruti mpya isiyo na moshi, iliyovumbuliwa Uingereza mwaka 1889, ilikuwa na nguvu kuliko baruti nyeusi. Kwa jumla ya nguvu, kubwa yaishinda ndogo mara mbili. Lakini upana wa uso wa risasi kubwa ni zaidi ya mara tatu na nusu ya uso wa ndogo. Kwa hiyo kila sehemu ya ngozi na mfupa inayopigwa na risasi ndogo hupata msukumo mkali zaidi. Tena risasi ndogo ilivikwa ganda la madini magumu, haikubonyea. Ikapenya kama shazia, hali ile kubwa ya risasi laini ilijitanua njiani na kukwama.

Namba hizi za kasi hazikutoka hewani. Mtu wa kwanza kuzipata kwa njia ya kuaminika alikuwa Mwingereza Benjamin Robins, aliyeandika juu ya jambo hilo mwaka 1742. Alitundika gogo zito kama bembea, akalipiga risasi, kisha akapima gogo limerudi nyuma kiasi gani. Ukijua uzito wa gogo na uzito wa risasi, kasi unaipata kwa hesabu. Baadaye, katika miaka ya 1860, Mbelgiji Le Boulengé alitumia umeme: risasi hukata waya wa kwanza, fimbo ya chuma ikaanza kuanguka, hukata waya wa pili, kisu kikaitia fimbo alama. Mahali pa alama ndipo panapoonyesha muda uliopita. Siku hizi chombo cha kazi hiyo huenea mkononi, na katika nchi zinazoruhusu watu kujitengenezea risasi, fundi hupima baruti kwa mizani, hupiga risasi kadhaa na kutazama kama kasi zao zinakaribiana. Zikitofautiana, ajua kazi yake haijakaa sawa.

Chombo cha Le Boulengé hakikubebeka kichwani kwa mpagazi. Neumann alikuwa na masanduku ya risasi za kiwandani, basi, yakipigwa na jua la nchi ya chini. Na baruti ya namna ile ikipata joto huzidi ukali, na ganda laweza kunasa chemba. Mbali na hayo, ndovu hapigwi kutoka mbali. Kwa hatua 30, risasi haina nafasi ya kuanguka. Shabaha ya mwindaji ilitegemea kujua ubongo na moyo viko wapi, na kwamba bunduki itafyatuka kila inapotakiwa.

Siku moja haikufyatuka. Ilikuwa mapema mwaka 1896, kaskazini ya ziwa. Ndovu jike alimjia mbio, Neumann akavuta komeo la Lee-Metford, akalisukuma, akabonyeza. Kikalia kidogo tu: hakukuwa na risasi ndani ya chemba, haikupanda kutoka chini. Akavuta tena, ikawa vile vile. Kasi ya mita 600 haina faida kwa risasi ambayo haimo mtutuni! Ndovu akamwangusha, pembe ikapita mkononi mwake, mbavu zikapondwa. Hakufa. Watu wake walimchukua kambini, akalala wiki nyingi akinywa maziwa tu.

Nami hapo ndipo ninapowafikiria wale watu. Mwanzoni mwa mwaka huo huo Neumann alimpoteza mtumishi wake Shebane, aliyekamatwa na mamba ziwani mbele ya macho yake. Habari hiyo Neumann ameiandika kwa uchungu katika kitabu chake kilichotoka 1898. Lakini waliobaki, waliombeba bwana wao mgonjwa na pia pembe zake mpaka Mombasa, wangeweza kumwacha wakaondoka na mali. Hawakufanya hivyo. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sehemu kubwa ya kisa, ingawa katika vitabu vya wawindaji haipewi ukurasa wake.

Wengine walijifunza kwake. Mskoti Bell, aliyewinda Karamoja kwa bunduki nyembamba zaidi, aliua ndovu zaidi ya elfu moja. Risasi iliyopenya vizuri ilikuwa pia nyepesi na rahisi. Mpagazi mmoja aliweza kubeba mauti ya kundi zima. Hesabu ile ile niliyoipiga hapo juu, ndovu waliilipia.

Neumann alirudi Afrika Mashariki mwaka 1902 baada ya vita vya Makaburu, akawinda tena miaka michache. Lakini nchi ilikuwa imebadilika: reli imefika ziwa Viktoria, na serikali ya kikoloni imeweka leseni na idadi ya ndovu wa kuuawa. Alifariki London mwaka 1907. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na mwaka 1989 ikachoma pembe zake hadharani. Ndovu wa mlima bado wapo katika msitu wa Imenti, na tangu 2011 wanapita chini ya barabara ya Nanyuki kwenda Meru, kwenye njia waliyojengewa, wakishukia Lewa, upande ule ule ambao Nyama Yangu alikuwa akiwafuata.