TARAS SHEVCHENKO: MSHAIRI ALIYEKATAZWA KUANDIKA

Leo utasoma habari za mtu aliyeadhibiwa kwa sababu ya kuandika. Jina lake ni Taras Shevchenko. Alizaliwa tarehe 9 Machi, 1814, katika kijiji cha Moryntsi, nchi ya Ukraine, huko Ulaya ya mashariki. Wakati huo kijiji chao kilikuwa chini ya mfalme wa Urusi.

Wazazi wake walikuwa wakulima, lakini hawakuwa watu huru. Walikuwa mali ya kabaila mwenye ardhi. Kabaila aliwafanyisha kazi bila malipo. Aliweza kuwachapa, na hata kuwauza. Watoto wao nao walikuwa mali yake.

Mama yake Taras alikufa mwaka 1823. Baba yake alikufa mwaka 1825. Taras akabaki yatima wa miaka 11. Alijifunza kusoma kwa karani wa kanisa la kijijini, na huko alitumwa kuchota maji. Alipenda pia kuchora picha.

Baadaye kabaila alimfanya mtumishi wa nyumbani. Mwaka 1831 alimchukua mpaka St. Petersburg, uliokuwa mji mkuu wa Urusi. Wachoraji na washairi wa mji huo waliona kipaji chake, wakataka kumkomboa. Kabaila alidai rubli 2,500. Basi mchoraji mmoja maarufu, Karl Bryullov, alichora picha, na picha hiyo ikachezewa bahati nasibu. Fedha zikapatikana. Mwaka 1838 Shevchenko akawa mtu huru. Lakini kaka na dada zake walibaki mali ya kabaila.

Shevchenko hakuwasahau. Mwaka 1840 alitoa kitabu cha mashairi kiitwacho Kobzar. Alikiandika kwa Kiukraine, lugha ya wakulima, ambayo mabwana wengi waliidharau. Katika mashairi mengine alieleza mateso ya wakulima, na alimlaumu mfalme waziwazi.

Mwaka 1847 alikamatwa pamoja na wenzake wa chama cha siri kilichotaka wakulima wawe huru. Polisi walikuta mashairi yake. Alipelekwa mbali sana, Orenburg, awe askari wa cheo cha chini kabisa. Mfalme Nicholas wa Kwanza aliongeza amri kwa mkono wake mwenyewe: mtu huyu asiandike wala asichore.

Je, Shevchenko aliacha kuandika? La. Alitengeneza vijitabu vidogo sana, akaviandika kwa siri na kuvificha ndani ya buti zake. Mwaka 1850 alishitakiwa kuwa amevunja amri. Akakamatwa tena, akapelekwa kwenye ngome kando ya Bahari ya Kaspi. Aliachiliwa mwaka 1857, baada ya miaka 10 ya adhabu. Afya yake ilikuwa imeharibika.

Sasa sikiliza jambo linalokuhusu wewe uliyejifunza kusoma ukubwani. Wakati ule zilikuwa zimeanzishwa shule za Jumapili kwa ajili ya maskini wasiojua kusoma. Shevchenko aliziandikia kitabu cha kwanza cha kusoma, kwa Kiukraine. Ndani yake mlikuwa na herufi, hesabu, sala na methali. Nakala 10,000 zilichapwa kwa fedha zake mwenyewe, mwanzoni mwa mwaka 1861.

Hakuishi kuona matunda yake. Alikufa tarehe 10 Machi, 1861, akiwa na umri wa miaka 47. Siku chache baadaye ilitangazwa kwamba wakulima wote waliokuwa mali ya makabaila watakuwa huru. Mwezi wa Mei mwili wake ulirudishwa Ukraine. Ulizikwa juu ya kilima karibu na mji wa Kaniv, penye mto mkubwa wa Dnieper.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Shevchenko alipataje uhuru wake?
2. Kwa nini mfalme mwenye majeshi alimwogopa mtu mwenye kalamu?
3. Wewe mwenyewe, kujua kusoma kumekusaidia kudai haki gani?