Jimmie Rodgers: Baba wa kantri aliyeimba akiwa mahututi

MIAKA isiyotimia sita ndiyo aliyojaliwa Jimmie Rodgers katika kurekodi muziki, lakini ilitosha kumpatia heshima ya kuitwa baba wa muziki wa kantri nchini Marekani.

Rodgers alizaliwa Septemba 8, 1897, na mji wa Meridian, jimboni Mississippi, ndio ulioitwa kwao. Mama yake alifariki dunia yeye akiwa bado mtoto, naye akafuata nyayo za baba yake aliyekuwa msimamizi katika shirika la reli.

Alianza kwa kuwachotea maji vibarua wa njia ya reli, ambao wengi wao walikuwa weusi, kisha akawa mfanyakazi wa breki za treni. Nyimbo za kazi na bluzi alizozisikia huko ndizo zilizokuja kuwa msingi wa sanaa yake.

Mwaka 1924 aligundulika kuwa na kifua kikuu, maradhi ambayo wakati huo hayakuwa na dawa ya kuyaponya. Kazi ya reli ikamshinda, akategemea gitaa kuilisha familia yake.

Nyota yake ilianza kung'ara Agosti 4, 1927 mjini Bristol, mpakani mwa Tennessee na Virginia, aliporekodiwa na Ralph Peer wa kampuni ya Victor. Novemba mwaka huo alirekodi Blue Yodel, santuri iliyouzwa kwa mamia ya maelfu. Humo aliichanganya bluzi na mtindo wa kuirusha sauti ghafla kutoka nzito hadi nyembamba.

Mwaka 1930 alirekodi pamoja na Louis Armstrong, mpiga tarumbeta mweusi, enzi ambayo ubaguzi wa rangi ulikuwa umeota mizizi.

Umaarufu haukumponya. Mei 1933 alikwenda New York kurekodi, akilazimika kujilaza kitandani kila amalizapo wimbo. Alifariki dunia Mei 26, siku mbili baada ya kurekodi kwa mara ya mwisho, akiwa na umri wa miaka 35.

Hata hivyo, sauti yake ilivuka bahari. Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey aliwarekodi Wakipsigis wa Kenya wakiimba Chemirocha, jina lililotokana na lake baada ya santuri zake kusikika huko. Katika wimbo mmoja, wasichana walimsawiri kuwa nusu mtu, nusu swala.

Mwaka 1961 alikuwa miongoni mwa watatu wa kwanza kuingizwa katika Jumba la Heshima la Muziki wa Kantri. Pumzi ilimwishia mapema, lakini njia aliyoifungua ingali inapitwa na waimbaji.