Honda: Mtoto wa mhunzi aliyeanza na injini zilizotupwa

HAPA Nakivale jina Honda halina mwenyewe. Watu hulitaja kama watajavyo jembe au sufuria. Wapo wazee wanaoita kila pikipiki honda, hata kama tangi lake limeandikwa Bajaj au TVS. Ukiwauliza vijana wa bodaboda kituoni Honda ni nani, wengi watakuonyesha chombo, si mtu.

Kumbe alikuwa binadamu kama mimi nawe. Alizaliwa kijijini, akafundishwa kazi, akafilisika, akaanza upya, na mwaka 1991 akafa. Leo nataka kukusimulia maisha yake, ndugu msomaji, kwa kuwa yanatuhusu sisi tunaoshika spana kuliko tunavyodhani.

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale yako wilayani Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda, si mbali na mpaka wa Tanzania. Yalianza mwaka 1958, na ni miongoni mwa makazi ya zamani zaidi ya wakimbizi barani Afrika. Tumo Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na wengineo. Mimi nilitokea Uvira, na nyumba yangu iko upande wa Base Camp. Mgao wa chakula ulipopunguzwa mwaka 2023, kila mmoja alitafuta njia yake ya kuendesha nyumba. Mimi nilinunua Honda CG 125 kuukuu, iliyokuwa imelala uani kwa mtu hadi kuku wakaigeuza kiota. Nikaanza kuifufua nyuma ya nyumba, chini ya turubai.

Mwenye jina hilo, Soichiro Honda, alizaliwa tarehe 17 Novemba, 1906 katika kijiji cha Komyo, karibu na mji wa Hamamatsu nchini Japani. Baba yake, Gihei, alikuwa mhunzi ambaye pia alitengeneza baiskeli. Mama yake, Mika, alikuwa mfumaji. Mtoto alikulia katikati ya moshi wa makaa na milio ya nyundo. Darasani hakung'ara, lakini alipoona gari kwa mara ya kwanza, alilikimbilia kwa nyuma na kuinama kunusa mafuta lililodondosha barabarani.

Mwaka 1917 rubani Mmarekani, Art Smith, alifika Hamamatsu kuonyesha ndege yake. Soichiro alikuwa na umri wa miaka 10. Alichukua baiskeli ya baba yake bila ruhusa, akaiendesha zaidi ya kilomita 20, lakini alipofika akakuta fedha zake hazitoshi kiingilio. Hakurudi nyumbani. Alipanda mti na kutazama kutoka huko juu.

Akiwa na umri wa miaka 15, mwaka 1922, alikwenda Tokyo kujifunza kazi katika gereji iliyoitwa Art Shokai. Alidhani atapewa spana siku ya kwanza. Badala yake alipewa mtoto wa tajiri wake ambebe mgongoni, pamoja na ufagio. Miezi ikapita akiwatazama wengine wakifungua injini. Vijana wanaokuja kujifunza ufundi huku kwetu wanalijua jambo hili vizuri: kwanza utaosha vyuma kwa petroli, utatumwa chai, na utashika tochi wakati fundi anafanya kazi.

Tetemeko kubwa la ardhi lilipoiangamiza Tokyo Septemba 1923, gereji iliungua na mafundi wengi wakarudi kwao. Yeye alibaki. Magari yaliyoungua yalikuwa mengi, na kuyafufua kukawa shule yake. Mwaka uliofuata alisaidia kuunda gari la mashindano kwa kuchukua injini ya ndege aina ya Curtiss na kuipachika kwenye fremu ya gari la Kimarekani. Gari hilo lilishinda mashindano Novemba 1924, na yeye alikuwa ndani yake kama fundi msaidizi wa dereva. Mwaka 1928 tajiri wake alimruhusu kufungua tawi la Art Shokai huko Hamamatsu.

Biashara ilikwenda vizuri. Alioa mwaka 1935, mkewe akiitwa Sachi. Alipenda starehe, pombe na mwendo wa kasi. Juni 1936 aliingia katika mashindano ya magari kwenye uwanja wa Tamagawa akiendesha gari alilolibadilisha mwenyewe. Aligongana na gari jingine, akaumia pamoja na mdogo wake waliyekuwa naye ndani.

Hapo ndipo inapoanza sehemu ya maisha yake ninayoipenda zaidi, nayo inahusu kitu kidogo kinachoitwa ringi ya pistoni.

Kwa asiyejua, pistoni hupanda na kushuka ndani ya silinda. Ringi ni yale mapete ya chuma yanayoizunguka ili moto wa juu usipenye kwenda chini, na oili ya chini isipande juu. Zikilika, pikipiki hunywa oili, hutoa moshi wa bluu na kukosa nguvu mlimani. Ndivyo ilivyokuwa yangu. Nilipanda gari hadi Mbarara, safari inayopita Kaberebere kabla ya kufika mjini, nikazunguka maduka ya spea na silinda yangu ndani ya mfuko. Mzee mmoja fundi alinionyesha namna ya kununua ringi. Usitazame pakiti, alinifundisha, wala usitazame mng'aro. Iweke ringi ndani ya silinda, isukume kwa pistoni ili ikae sawa, kisha pima nafasi iliyobaki kati ya ncha zake mbili. Nafasi ikiwa kubwa mno, umenunua moshi. Ikiwa ndogo mno, injini ikipata joto ncha zitagongana na kukwaruza silinda. Tulijaribu seti tatu kabla ya kupata iliyokubali.

Soichiro naye alidhani ringi ni kazi ndogo. Mwaka 1937 alianza kujaribu kuzitengeneza, akifanya kazi usiku kucha mbele ya tanuri. Zilivunjika kama vigae. Akiba ikaisha. Mikono iliyojua kila aina ya gari ilishindwa na pete ya chuma.

Ndipo akafanya jambo ambalo mafundi wengi tunaona aibu kulifanya. Alikwenda katika chuo cha ufundi cha Hamamatsu na kuomba msaada. Profesa aliyepima ringi zake alimweleza kwamba zilipungukiwa silikoni. Soichiro hakujua hata silikoni ni nini. Basi akajiandikisha kuwa mwanafunzi, mtu mzima mwenye mke na biashara, akaketi na vijana kujifunza habari za madini. Mitihani aliikataa, kwa kuwa hakutafuta cheti, na chuo kikamwondoa. Yeye akaendelea kuhudhuria masomo.

Hata baada ya hapo njia haikunyooka. Kampuni ya Toyota ilipokagua ringi zake 50, ni 3 tu zilizokubaliwa. Alirudi kiwandani, akazunguka kujifunza kwa waliomzidi, hadi kampuni yake, Tokai Seiki, ikawa inaiuzia Toyota yenyewe.

Kisha vita vikala kila kitu. Mabomu ya Marekani yaliharibu kiwanda chake kimoja, na tetemeko la Januari 1945 likaangusha kingine huko Iwata. Alichobakiwa nacho alikiuza kwa Toyota kwa yeni 450,000, akakaa mwaka mzima bila kazi, akitengeneza pombe nyumbani na kuinywa na marafiki.

Japani ya mwaka 1946 ilikuwa nchi ya njaa. Treni zilijaa hadi juu ya paa. Sachi alikuwa akiendesha baiskeli mbali kutafuta chakula. Siku moja Soichiro aliona kwa rafiki yake injini ndogo, iliyokuwa ikizalishia umeme redio za jeshi. Jeshi halikuwapo tena, na injini za namna ile zilikuwa zimetupwa tu. Alichukua moja akaifunga kwenye baiskeli. Tangi la mafuta hakuwa nalo, hivyo akatumia chombo ambacho Wajapani hutia maji ya moto na kulala nacho wakati wa baridi. Sachi ndiye aliyeijaribu barabarani, akarudi nguo zake zikiwa zimelowa mafuta na kulalamika. Malalamiko hayo yakawa ukaguzi wa kwanza, na kasoro ikarekebishwa.

Aliweza kupata injini kama 500 za namna hiyo. Katika kibanda chenye wafanyakazi wachache alizifungua moja moja, akazirekebisha na kuzipachika kwenye baiskeli. Petroli ilikuwa adimu, hivyo mafuta yalichanganywa na ya msonobari. Wajapani waliita chombo hicho bata-bata, kwa mlio wake, kama sisi Waswahili tulivyosikia mlio na kukiita pikipiki.

Injini zile zilipokwisha, ilibidi aunde yake mwenyewe, nayo ikatoka mwaka 1947. Tarehe 24 Septemba, 1948 kampuni ya Honda ilianzishwa rasmi, ikiwa na mtaji wa yeni milioni moja na wafanyakazi 34. Mwaka uliofuata alimpata Takeo Fujisawa, mtu aliyejua fedha na soko. Waligawana kazi: mmoja chuma, mwingine hesabu.

Mwaka 1954 Soichiro alikwenda kisiwa cha Man kutazama mashindano makubwa ya pikipiki duniani. Alishtuka kuona jinsi wenzake walivyomzidi. Alirudi kwao na spea mikononi ili azichunguze. Mwaka 1959 timu yake ilishiriki kwa mara ya kwanza, na mwaka 1961 ikashinda madaraja mawili. Katikati ya miaka hiyo, 1958, ilitoka Super Cub, pikipiki ndogo isiyohitaji klachi ya mkono, ili hata kijana anayepeleka tambi kwa wateja aiendeshe kwa mkono mmoja. Kufikia mwaka 2017 zilikuwa zimetengenezwa milioni 100.

Sitaki kumfanya malaika. Alikuwa mkali kupita kiasi. Wafanyakazi walimfananisha na radi, na hasira ikimpanda spana iliruka. Ukaidi nao ulimponza. Alishikilia kwamba injini bora ni ya kupozwa kwa hewa, hata kwenye magari. Mwaka 1968 kampuni ilipeleka Ufaransa gari la mashindano la namna hiyo. Dereva wake mkuu, John Surtees, alikataa kuliendesha akisema halijawa tayari. Likapewa Jo Schlesser, ambaye alianguka nalo huko Rouen na kufa motoni.

Wahandisi vijana waliendelea kumwomba akubali injini za kupozwa kwa maji, naye akakataa. Mwishowe Fujisawa alimtaka achague: awe mkuu wa kampuni au abaki fundi. Alichagua kuwa mkuu, na vijana wakaruhusiwa. Kazi yao ilizaa injini iliyokuwa ya kwanza kutimiza masharti mapya ya Marekani kuhusu moshi wa magari. Yule aliyewahi kukaa darasani na vijana alikubali tena, ingawa kwa shida, kwamba vijana wanajua asichokijua.

Mwaka 1973 yeye na Fujisawa walistaafu pamoja. Mwanawe hakumrithisha kampuni. Alianza kuzunguka Japani nzima kuwashukuru wafanyakazi na wauzaji. Inasimuliwa kwamba fundi mmoja aliurudisha nyuma mkono wake uliojaa oili, na mzee akaukamata vivyo hivyo. Alifariki tarehe 5 Agosti, 1991. Hakutaka mazishi makubwa ya kampuni, kwa kuwa msafara ungeleta msongamano barabarani.

CG 125 niliyonayo ilianza kutengenezwa mwaka 1976, yeye akiwa ameshastaafu, lakini imefuata njia yake. Waliounda injini hiyo walizingatia nchi ambazo pikipiki hubebeshwa mzigo mzito na hukosa matunzo, wakaweka fito za kusukuma vali badala ya mnyororo wa juu, ili isisumbue. Mimi nimeiongezea keria ya nondo inayobeba madumu manne ya maji, nikarefusha kiti na kuinua bomba la moshi lisiguse matope ya masika. Siku hizi inapanda vilima vya Isingiro na mzigo wake, na moshi wa bluu umekoma.

Kuna wanaosema ufundi wa hapa kambini ni wa kubahatisha, na kwamba mtu wa kutengeneza hawezi kuwa mtu wa kuunda. Maisha ya Honda yanakataa. Kufunga injini iliyotupwa kwenye baiskeli wengi tungeweza, na hapa Nakivale ziko kazi za kushangaza kuliko hiyo. Kilichomtenga na wengine ni ile ringi iliyovunjika: hakuisingizia bahati, wala hakumtupia mteja. Alikwenda kuuliza ilipungukiwa nini, akakaa kujifunza hadi akajua. Vijana wetu wana mikono tayari. Wakipata wa kuwaeleza habari za silikoni, nasi wazee tukikubali kuketi nao dawati moja, sioni kwa nini safari iishie kwenye kiraka.