Sayyidna Umar na malisho ya wanyonge

Wapo viongozi wanaokumbukwa kwa vita walivyoshinda, na wapo wanaokumbukwa kwa uadilifu wao. Sayyidna Umar bin Al-Khattab, Mwenyezi Mungu amwie radhi, anakumbukwa kwa yote mawili, na masheikh wetu hawachoki kutusimulia habari zake kila Ramadhani. Lakini liko jambo moja katika maisha yake ambalo ni nadra kulisikia likielezwa kwa urefu, nalo ni jinsi alivyohifadhi malisho. Mimi naona jambo hilo latuhusu mno sisi watu wa Shimoni, Wasini na Mkwiro, ambao riziki yetu imo baharini.

Umar alizaliwa Makka, katika kabila la Kuraishi, ukoo wa Bani Adiy, yapata miaka 40 kabla ya Hijra. Utotoni alichunga ngamia wa baba yake, Al-Khattab, mtu mkali asiyejua huruma. Akifanya kazi alichoshwa, na akizembea alipigwa. Miaka mingi baadaye, akiwa Khalifa, alipita mahali alipokuwa akichunga, akawaeleza wenzake habari za siku zile na kumshukuru Mola aliyemtoa huko. Kwa hiyo alijua thamani ya majani na maji kwa jasho lake mwenyewe.

Kisa cha kusilimu kwake, tangu alipotoka na upanga hadi aliposikia Sura ya Taha nyumbani kwa dada yake Fatima, kinajulikana na kila mtoto wa chuoni, nami sitakirudia. Mwaka wa 13 Hijria, yaani 634, alishika ukhalifa baada ya Sayyidna Abubakar.

Zama za Jahiliya, mwenye nguvu alikuwa akijitengea malisho mema na kuwafukuza wengine. Malisho hayo yaliitwa hima. Mtume (S.A.W.) aliifuta desturi hiyo, akafundisha kwamba hapana hima ila kwa ajili ya Mwenyezi Mungu na Mtume wake, na kwamba watu wanashirikiana katika maji, majani na moto. Yeye mwenyewe alihifadhi bonde la Naqii, karibu na Madina, kwa farasi wa Waislamu. Umar akafuata nyayo hizo, akahifadhi Sharaf na Rabadha kwa ajili ya wanyama wa sadaka na wanyama wa jihadi.

Alimweka mtumishi wake aliyeitwa Hunayy kuwa mlinzi. Wasia aliompa umepokewa na Imam Bukhari, nami naueleza kwa maneno yangu. Alimwamuru awe mpole kwa Waislamu na aiogope dua ya aliyedhulumiwa, kwani hujibiwa. Awaruhusu kuingia wenye ngamia wachache na wenye kondoo wachache, lakini awazuie wanyama wa Abdur-Rahman bin Auf na wa Uthman bin Affan. Hao walikuwa masahaba wakubwa, tena matajiri, wala Umar hakuwa na chuki nao. Hoja yake ilikuwa kwamba mifugo ya matajiri ikifa, wao watarejea kwenye mitende na mashamba yao. Ama mnyonge, mifugo yake ikifa, atakuja na wanawe kumlilia Khalifa, naye hataweza kumtupa. Kumpa majani na maji ni rahisi kuliko kumpa dhahabu na fedha.

Kisha akakiri jambo ambalo watawala wachache hulikiri. Alisema wenyeji wanaona amewadhulumu, kwa kuwa nchi ile ni yao, waliipigania zama za Jahiliya na wakasilimu wakiwa nayo. Lau si wale wanyama wa kuwabeba watu katika njia ya Mwenyezi Mungu, asingaliwazuilia hata shubiri moja.

Sasa na tuitazame bahari yetu. Kisite na Mpunguti zilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1973, na mipaka yake ikatangazwa upya mwaka 1978. Kisite ina kilomita za mraba 28, na humo uvuvi wote ni haramu kisheria. Mpunguti, yenye kilomita za mraba 11, inaruhusiwa kuvuliwa kwa zana za asili. Wazee wetu walikuwa wakienda kwenye miamba ile kwa madema na mishipi, wakivua changu, tafi na pono. Siku moja wakaambiwa bahari ina mpaka, na wengi hawakupendezwa.

Sisemi hifadhi haina maana. Matumbawe ndiyo nyumba ya samaki, na nyumba ikivunjwa kwa juya au baruti, wana wetu hawatakuta kitu. Lakini swali la Umar lingali palepale: nani amezuiwa, na nani ameruhusiwa? Mwenye mtumbwi alizuiwa, mtalii mwenye kiingilio akaingia. Ni kweli kwamba vijana wetu wamepata kazi katika mashua za watalii, na akina mama wa Wasini wana njia yao ya mbao kwenye mikoko na matumbawe, inayowapatia chochote. Hilo ni jema. Lakini mzee wa madema, asiye na mtende wala shamba la kurejea, fungu lake ni lipi?

Siku hizi sheria zimeanza kusogea. Tangu mwaka 2007 vikundi vya wavuvi vya BMU vina kanuni zinazovipa sauti katika usimamizi wa fuo. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Mnamo Julai 28, 2022, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa nalo likaitambua haki hiyo. Kwa anayemjua Umar, habari hizi si ngeni.

Mwaka wa 18 Hijria ukame mkubwa uliipiga Hijazi. Umar aliagiza chakula kutoka Shamu, akajinyima samli hata rangi yake ikageuka, wala hakuwakata mikono walioiba kwa njaa. Iraki ilipofunguliwa, askari walitaka wagawiwe mashamba ya Sawad. Alikataa, akawaachia wakulima wenyewe walime na kulipa kodi, ili vizazi vijavyo navyo vipate fungu.

Siku chache kabla ya kuchomwa kisu na Abu Lulua katika sala ya alfajiri, mwaka wa 23 Hijria (644), aliwauliza Hudhaifa bin Al-Yaman na Uthman bin Hunaif kama wameitwika ardhi ya Iraki mzigo isioweza kuubeba. Walipomhakikishia kwamba hawakufanya hivyo, alisema Mungu akimpa uhai atawaacha wajane wa Iraki hawamhitaji mtu baada yake. Katika mazungumzo hayohayo aliisemea ardhi na akawasemea wajane.

Basi anayetaka kuilinda bahari ya Shimoni na aanze kwa kumwuliza mvuvi mnyonge, na mvuvi naye ajue kwamba matumbawe ni amana. Mwenyezi Mungu amridhie Sayyidna Umar, na atujaalie viongozi wa mfano wake.